Eti ukisajili muundo, yaani muonekano wa bidhaa yako, mara moja unalindwa dunia nzima?

Hii ya "dunia nzima" ndo inaumiza wabunifu wengi, mtu kachora kiti kizuri, kalipia usajili akalala usingizi. Jamani, cheti cha dunia hakipo. Kuna Mkataba wa The Hague wa 1925, unajaza fomu moja inaenda WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu kule Geneva, unaweza kuweka hadi miundo 100 mradi iwe ya kundi moja, na unataja nchi wanachama unazotaka. Kila nchi uliyoitaja inaweza kukikataa kiti chako kwa sheria zake yenyewe, ina miezi 6, zingine 12. Nchi ambayo hukuitaja, huko huna chako.

Wengine wanadhani wakisajili birika basi hata linavyofanya kazi ni lao. Hapana, hapa kinacholindwa ni muonekano. Kama mdomo wa birika umepinda vile ili tu maji yatoke vizuri, mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, unaruhusu nchi isiulinde kabisa. Na si milele pia, TRIPS inataka angalau miaka 10 tu.

Sasa hili la kuposti ndo naomba mlisikie vizuri. "Ngoja niweke picha kwanza nione kama watapenda, si kuna miezi 6?" Ile miezi 6 ya Mkataba wa Paris ni ya kupeleka ombi nchi nyingine bila kupoteza tarehe yako ya kwanza, na inahesabiwa kuanzia siku ulipopeleka ombi lako la kwanza, SIO siku uliyoposti. Picha yako mwenyewe inaweza kuua upya wa muundo wako, kuna nchi zinasamehe miezi 12, zingine hazisamehi hata siku moja. Mkataba wa Riyadh wa sheria za miundo, wa Novemba 2024, umeweka msamaha wa miezi 12 kwa wanachama wake ila ili uanze kazi lazima nchi 15 ziuridhie, kwa hiyo peleka ombi kwanza, picha baadaye.

Na wanaosema mikataba hii ni ya makampuni makubwa tu wausome huo wa Riyadh, unaruhusu nchi kumdai mwombaji aseme anachojua kuhusu maarifa na sanaa za jadi zinazogusa muundo wake. Yaani mtu akichukua nakshi za jamii fulani aziite zake, ofisi ya usajili inaweza kupewa haki ya kumuuliza anajua nini kuhusu asili yake. Haijawa lazima kwa kila nchi, lakini nchi za Afrika zimeupigania mlango huu miaka mingi.