Dawa za kukarabati ubongo baada ya kiharusi: maana yake

Hizi ni dawa zinazokusudiwa kuusaidia ubongo kujenga njia mpya baada ya kiharusi. Hazifufui seli zilizokufa. Huchochea zile zilizosalia kando ya jeraha zichipuze matawi, ziungane upya na kubeba kazi ya wenzao, kwa mfano kufunga kifungo cha shati.

Wengi huzichanganya na alteplasi, inayoyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa. Hiyo hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze (foleni ya magari ya Thika Road, Nairobi, jioni huzila saa hizo upesi), baada ya skani kuthibitisha kwamba damu haijavuja kichwani. Kipimo ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90. Alteplasi huzuia ubongo usife. Ukarabati ni kazi ya wiki na miezi inayofuata.

Iliyotia watu matumaini zaidi ni fluoksetini, dawa ya sonona. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa uitwao FLAME, wenye wagonjwa 118, ulionyesha kuwa miligramu 20 kila siku kwa miezi 3, pamoja na fiziotherapia, ziliongeza nguvu za viungo vilivyopooza. Kisha ukaja FOCUS wa Uingereza, wagonjwa zaidi ya 3,000 kwa miezi 6: uwezo wa kujitegemea haukubadilika. Sonona ilipungua, ila waliovunjika mifupa waliongezeka. Sitikolini nayo, dawa nyingine iliyotarajiwa kukarabati ubongo, ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,298 na haikufua dafu.

Mbona panya wanaopewa dawa hizi maabara hupona? Panya hao huwa vijana, wenye jeraha la ukubwa uliopangwa. Mgonjwa wetu ana miaka 65, presha na sukari, na jeraha lake halifanani na la jirani yake wodini. Tena ubongo hujipanga kufuata kazi unayopewa: mkono usipozoezwa, dawa haina cha kuimarisha.

Sasa wanaijaribu maraviroki, dawa ya HIV inayoziba kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ishara) kiitwacho CCR5, kwa kuwa waliozaliwa na upungufu wa kipokezi hicho walionekana kupona vizuri zaidi.

Kwa hiyo anayekuuzia sindano za "kuamsha ubongo" Nairobi anauza kisichothibitishwa. Pesa hizo zingelipia vipindi vya fiziotherapia. Mgonjwa aliyeandikiwa fluoksetini kwa sonona asiiache ghafla. Kama anatumia pia aspirini, daktari aambiwe, maana zikikutana hatari ya kutokwa damu huongezeka.