Je, wajua kwa nini filamu moja ya tembo hula miaka minne, na anayeipiga anaishije?

Filamu ya The Elephant Queen ina dakika 96. Mark Deeble na Victoria Stone, mume na mke ambao wamepiga filamu za wanyama Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, walikaa Tsavo miaka 4 wakiipiga kabla haijaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2018. Ukipiga hesabu, kila dakika unayoitazama imekula kama siku 15 za kambini. Kwa nini muda wote huo? Na mtu anayefanya kazi ya namna hii anakula nini miaka hiyo yote, ilhali filamu bado haijauzwa?

Wengi hujibu kwamba wanyama hawapokei maelekezo. Ni kweli, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza miaka minne. Kinachokula muda ni kisa chenyewe. Filamu hii inasimulia kidimbwi kinachojaa wakati wa mvua, kikakusanya tembo, mabata bukini, vyura na mbawakavu wanaoviringisha kinyesi, kisha kikakauka hadi kundi la tembo likalazimika kushika safari ndefu kutafuta maji ya kudumu. Kisa hicho kinataka masika ya kweli na ukame wa kweli, na hakuna mtu wa kuviagiza. Mvua za Tsavo ni za kubahatisha. Ukiikosa siku vifaranga wa bata wanatoka kiotani kuelekea majini, umeikosa hadi mwaka ujao. Ukitaka kusimulia habari za ndama kuanzia mimba, kumbuka kwamba tembo hubeba mimba miezi 22. Mpigaji hawezi kuuharakisha mwezi hata mmoja kati ya hiyo.

Halafu kuna namna ya kuzipata picha zenyewe. Ili mtazamaji amwone mbawakavu kwa kimo chake, kamera lazima iwe chini kabisa, usawa wa tope. Mpigaji huchimba shimo pembeni mwa kidimbwi, akalifunika kwa miti na majani, akaingia kabla hakujapambazuka na kutulia humo mpaka jua lizame. Upepo ukigeuka na kumpelekea tembo harufu ya binadamu, siku imekwisha. Jioni kambini kazi inaendelea: kila kadi ya kamera inanakiliwa kwenye diski mbili au tatu zinazowekwa sehemu tofauti, vumbi linapulizwa kwenye lensi, betri zinachajiwa kwa sola au jenereta, na mtu anaandika daftarini kila picha ilipigwa saa ngapi na ni ya mnyama gani. Bila daftari hilo, mhariri atakayekaa mbele ya mamia ya saa za picha atapotea humo.

Hata sauti ina kazi yake ya pembeni. Lensi ndefu inaweza kumleta simba aliye mbali akajaa kwenye kioo, lakini maikrofoni haiwezi kumleta. Ndiyo maana mtafuno, nyayo na mkwaruzo wa nyasi unaousikia katika filamu nyingi za wanyama hutengenezwa studio baadaye, na fundi anayetazama picha huku akifanya sauti hizo kwa vitu vya kawaida alivyonavyo mezani.

Upande wa pili wa kazi hii ni filamu za hali halisi zinazohusu watu. Huku hakuna msimu wa kungoja, lakini miaka hupita vilevile, na kwa maoni yangu hii ndiyo ngumu kuliko ya tembo.

Chukua The Letter, filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyotoka mwaka 2019 na ambayo Kenya iliiteua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Ni kisa cha familia moja ya pwani ya Kenya. Kijana anayeishi Mombasa anagundua kupitia Facebook kwamba bibi yake mzee ameitwa mchawi, naye anarudi kijijini kujua nani kasema na kwa nini. Anayeifahamu Kilifi anajua uzito wa neno hilo. Wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka.

Sasa jiweke mahali pa mwenye kamera. Ukiingia kwenye boma hilo wiki ya kwanza na kuuliza nani anamtuhumu bibi, utapata maneno ya kuridhisha mgeni na chai. Itakubidi urudi, ukae, uhudhurie matanga na harusi, mpaka watu wakuzoee na waendelee na ugomvi wao ukiwepo. Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji halioni: picha ulizo nazo zinaweza kumdhuru bibi huyo. Ukizirusha mapema, wakati moto bado unawaka ndani ya ukoo, wewe utaondoka na yeye atabaki hapo. Kungoja kunakuwa sehemu ya kumlinda anayepigwa picha. Anayeharakisha filamu ya namna hii ili iwahi tamasha fulani anacheza na maisha ya mtu.

Dieudo Hamadi, mtengenezaji filamu wa Kisangani, Kongo, alilipa gharama hiyo kwa namna nyingine. Alikuwa kijana mdogo mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya mji wake na kuua raia wengi. Waliobaki wengine walipoteza miguu na mikono, wakadai fidia kwa miaka mingi bila kuipata. Walipoamua kwenda wenyewe Kinshasa kudai haki yao, Hamadi alipanda nao jahazi la mizigo na kushuka nao Mto Kongo, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, akilala walipolala na kunyeshewa waliponyeshewa. Filamu hiyo, En route pour le milliard, iliteuliwa na tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2020. Mgeni angeweza kununua tiketi ya jahazi lilelile. Asingeweza kununua ule ukweli kwamba Hamadi alikuwa mtoto wa mji huo mabomu yaleyale yalipoanguka.

Tuje kwenye mfuko. Nani analipa?

Mara nyingi hakuna mtu mmoja anayelipa yote. Filamu hujengwa kwa vipande vya fedha. Mtengenezaji huandika maombi ya kurasa kadhaa, akatengeneza trela fupi kwa fedha zake mwenyewe, kisha akaomba ruzuku ya kuanzia. Nairobi kuna mfuko wa Docubox, ulioanzishwa na mtengenezaji filamu Judy Kibinge kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki. Nje kuna mifuko kama ule wa taasisi ya filamu ya Sundance nchini Marekani na ule wa tamasha la filamu la IDFA kule Amsterdam. Ruzuku ya kwanza inatosha kupiga picha miezi michache. Picha hizo zinatumika kuombea ruzuku ya pili. Baadaye kituo cha televisheni cha Ulaya kinaweza kununua haki za kurusha kabla filamu haijaisha, na fedha hizo ndizo zinazolipia uhariri. Kati ya kipande kimoja na kingine inaweza kupita miezi mingi ya kusubiri barua pepe.

Katika miezi hiyo mtu anaishi kwa kazi nyingine: matangazo ya biashara, video za mashirika, harusi, kufundisha, au kuwa mwenyeji wa waandishi wa kigeni, yule anayewatafutia vibali, gari, mkalimani na mtu wa kuhojiwa. Lekow mwenyewe ni mwanamuziki, na alishiriki kutunga muziki wa The Letter. Filamu yake na King iliyofuata, How to Build a Library, inawahusu wanawake wawili wanaofufua maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia mlango Waafrika hadi 1958. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2025, zaidi ya miaka 5 baada ya ile ya kwanza. Anayepanga kuingia kwenye kazi hii atazame nafasi hiyo kati ya filamu mbili, ajue kwamba kodi ya nyumba ya miezi yote iliyo katikati itatoka mahali pengine.

Kuna mali moja ambayo vijana wengi huiachia kwa kutia saini mkataba bila kuusoma: picha ghafi, yaani zote zilizopigwa kabla ya kuhaririwa. Mpiga picha za habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, aliliona hilo mapema. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizopigwa Korem mwaka 1984 na kurushwa kwanza na BBC, ziliitikisa dunia hadi likafanyika tamasha la muziki la Live Aid, la kuchangia wenye njaa, Julai 1985. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Hazina ya picha alizoacha bado iko Camerapix, chini ya mwanawe Salim Amin. Hugo van Lawick naye alipiga filamu za sokwe na mtafiti wao Jane Goodall kule Gombe katika miaka ya 1960, na zaidi ya saa 100 za picha hizo zilikaa stoo miaka mingi, zikaja kuwa moyo wa filamu mpya mwaka 2017. Picha ya sokwe au ya mji inaweza kuuzwa tena na tena kwa miaka 50. Swali ni nani atakayekuwa analipwa.

Swali hilohilo linawagusa madereva na wafuatiliaji nyayo wa Serengeti na Tsavo. Wao ndio hujua chui gani ana watoto na amewaficha kwenye mwamba upi. Majina yao hupita mwisho wa filamu kwa kasi ya kutosomeka, na binafsi naona wengi wao walistahili kuitwa watengenezaji wenza.

Dalili za mabadiliko zipo. Mwanaikolojia Paula Kahumbu alianza mwaka 2019 kipindi cha Wildlife Warriors kwenye televisheni ya Kenya, kikiwaonyesha Wakenya wanaowahifadhi wanyama wa nchi yao, kwa watazamaji wa nchi hiyo. Kwa miaka mingi filamu zilizopigwa umbali wa saa chache kutoka Voi au Arusha zilitazamwa London kwanza, na wakazi wa Voi na Arusha huenda wasizione kabisa. Hata leo mtengenezaji akipeleka filamu yake kwenye kituo cha nyumbani, mara nyingine huambiwa yeye ndiye alipie muda wa hewani. Ningependa kuona vituo vyetu vikitenga fedha, hata kidogo, za kununua filamu moja kila msimu kwa bei inayomwezesha aliyeipiga kuanza kungoja nyingine.