Kipimo cha baruti cha mwenzako si cha bunduki yako

Walenga shabaha wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Nairobi wakitaka kuanza kujaza upya risasi za bunduki zao, yaani kutia baruti na kichwa kipya ndani ya ganda lililokwisha kufyatuliwa, huja na simu mkononi, na ndani ya simu mna picha ya karatasi yenye jina la baruti, uzito wake kwa greni (kipimo kidogo sana cha uzito), na aina ya kichwa cha risasi. Karatasi hiyo imetoka kwa rafiki wa Pretoria au kwa mwindaji waliyekutana naye Arusha, na swali linalofuata ni lilelile: baruti hii inapatikana wapi? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi kupita kiasi, na sasa nalijibu kwa maandishi, pamoja na dhana nyingine zinazosafiri nalo.

“Nina leseni ya bunduki, kwa hiyo naruhusiwa kujitengenezea risasi.”

Cheti unachopewa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kinahusu silaha uliyonayo na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Hakikugeuzi kuwa mtengenezaji wa risasi. Baruti nayo ina sheria yake, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, yenye masharti juu ya kuiingiza nchini, kuisafirisha na kuihifadhi. Iandikie Bodi ya Leseni za Silaha na usubiri jibu la maandishi kabla ya kununua hata praima moja, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha risasi. Wengi wa wanaoniuliza hujifunza na kufanyia kazi hii Afrika Kusini, ambako ni jambo la kawaida miongoni mwa wawindaji. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo haja yao kwa kawaida iko nje ya mipaka yetu.

“Kipimo kilichokuwa salama kwa mwenzangu ni salama kwangu.”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini si wazembe. Ni watu makini, wanaosafisha bunduki zao kila watokapo uwanjani, lakini huulizana kipimo cha baruti kama wapishi wanavyoulizana kipimo cha chumvi ya pilau.

Baruti isiyo na moshi huungua, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo nayo hulipandisha shinikizo tena. Ndiyo maana shinikizo halipandi sambamba na uzito wa baruti: unapokaribia kiwango cha juu, nyongeza ambayo jicho haliwezi kuiona huweza kukuvusha mpaka. Kwa risasi ya .308 Winchester, kiwango cha juu kilichowekwa na tume ya kimataifa ya CIP ni megapaskali 415, yaani zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Nguvu hiyo huzuka sentimita chache mbele ya jicho lako.

Sasa tazama ni mambo mangapi ambayo ile karatasi haiyasemi. Ganda la kijeshi la 7.62 mara nyingi lina kuta nene kuliko ganda la kiraia la .308, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile iliyopimwa kwa uzito uleule hutoa shinikizo kubwa zaidi. Kichwa cha risasi kikizamishwa zaidi shingoni mwa ganda, nafasi hiyo hupungua tena. Kikiachwa nje hadi kikagusa mwanzo wa mifereji ya mtutu, shinikizo hupanda kwa sababu nyingine. Vichwa viwili vyenye uzito sawa lakini kutoka kwa watengenezaji wawili havina umbo moja wala ugumu mmoja. Praima za aina tofauti haziwashi kwa nguvu sawa. Hata mikebe miwili ya baruti yenye jina moja huweza kutofautiana ikiwa imetoka katika mafungu tofauti ya kiwandani. Kisha kuna joto: kipimo kilichotulia vizuri katika ubaridi wa Julai wa Nairobi huweza kuzidi mpaka huko Magadi, hasa risasi zikisahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Rafiki yako, basi, hakukudanganya. Alikuambia ukweli kuhusu bunduki yake, ganda lake, mkebe wake na siku yake. Wewe anza na kitabu cha mwongozo cha mtengenezaji wa baruti, toleo la karibuni, na uanzie kwenye kipimo cha kuanzia, si kile cha juu kabisa. Kisha panda kidogo kidogo, na ubadilishapo sehemu yoyote, rudi mwanzo. Usishuke chini ya kipimo cha kuanzia ukidhani unajilinda, kwa maana baruti ya polepole ikipunguzwa mno huweza kuleta shinikizo lisilotabirika, au kichwa cha risasi kikwame ndani ya mtutu kikingojea risasi ya pili.

Na tafadhali usiniambie kwamba utaziona dalili mapema. Praima iliyobapa na boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) inayogoma kufunguka ni dalili za kweli, lakini mara nyingi hujitokeza baada ya mpaka kuvukwa, na kuna bunduki ambazo hazionyeshi chochote hadi dakika ya mwisho.

“Nairobi iko juu na hewa ni nyepesi, kwa hiyo niongeze baruti kidogo.”

Sijui nani aliyeianzisha hii, lakini husemwa kwa uhakika wa kushangaza. Baruti haihitaji hewa ya nje. Oksijeni yake imo ndani yake yenyewe. Jiji letu liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa tunalolikosa kwa sababu ya mwinuko huo halifiki hata sehemu moja katika elfu kumi ya shinikizo lililomo ndani ya chemba, sehemu ya bunduki risasi inamokaa inapofyatuliwa. Hewa nyepesi huathiri safari ya risasi baada ya kutoka mtutuni: hupungua kasi polepole zaidi, na haishuki sana kama ambavyo ingeshuka Mombasa. Hilo linarekebishwa kwenye darubini, wala halina uhusiano wowote na mizani.

“Ganda ni chombo tu, maadamu halijapasuka, lijaze.”

Shaba nyeupe huchoka. Kila risasi inapofyatuliwa ganda hutanuka, na kila unapolirudishia umbo unalivuta tena, hadi ukuta wake unakuwa mwembamba karibu na kitako. Utepe unaong'aa unaolizunguka ganda mahali hapo ni sababu ya kulitupa, bila mjadala. Wenye Lee-Enfield za .303 wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa chemba za bunduki hizo ni pana na maganda yake huchakaa mapema. Maganda ya chuma, pamoja na yale yenye matundu mawili madogo ya Berdan chini ya praima, yaache yalivyo.

“Nitaokoa pesa.”

Hutaokoa. Utalenga zaidi, na utanunua vifaa ambavyo hukujua kwamba vipo. Faida ya kweli ni usahihi, na hiyo inatosha.

“Mizani yoyote ya kidijitali inafaa.”

Greni moja ni gramu 0.0648. Mizani ya jikoni haiwezi kuiona tofauti hiyo, na ile ya sonara huweza kubadilisha kipimo kutoka greni hadi gramu kwa kubonyezwa kitufe kimoja bila wewe kugundua. Thibitisha mizani kwa uzito wa majaribio kila unapoketi kazini.

“Baruti ihifadhiwe kwenye sanduku la chuma lililofungwa kabisa.”

Kinyume chake ndicho sahihi. Mkebe wa kiwandani umetengenezwa uachie upesi moto ukiufikia, ilhali sanduku lisilo na upenyo huligeuza shinikizo kuwa bomu. Iache baruti ndani ya mkebe wake wa asili wenye jina lake, mahali pakavu na baridi, mbali na watoto na umeme. Ninalosisitiza kuliko yote hapa ni kwamba mezani pawe na mkebe mmoja tu wa baruti kwa wakati mmoja, na ukikuta baruti kwenye kipimio bila kukumbuka ilitoka mkebe gani, usiirudishe popote, itupe.