Kabla ya Kuidai Serikali Fidia kwa Kipigo cha Polisi

Mimi ni wakili wa madai, na kesi zangu nyingi husikilizwa Mahakama Kuu, Mbeya na Iringa. Watu waliopigwa na askari wakati wa kukamatwa hunijia wakiwa na dai la haki, kwa kuwa Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa, lakini wengi hufika ushahidi ukiwa umekwisha kupotea.

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda aliyekamatwa Mwanjelwa usiku, akatiwa pingu, kisha akapigwa virungu. Askari anaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri kumkamata anayekaidi; mtu aliyekwisha kufungwa mikono anakaidi kwa kipi? Ndiyo maana shahidi mmoja aliyeona pingu zikitangulia na virungu vikifuata namthamini kuliko kundi zima lililofika baadaye.

Kisha kuna PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyakuta. Fomu hii hutolewa na polisi wenyewe, na hofu ya kurudi kwenye kaunta ya kituo kilekile naielewa kabisa. Nashauri mtu aende na ndugu au wakili, au aiombe katika kituo kingine. Akifika hospitali, amwonyeshe daktari kila jeraha. Daktari akiandika "maumivu ya mwili" peke yake, upande wa Serikali utadai kwamba alianguka na pikipiki. Akiandika kwamba kuna michirizi miwili sambamba mgongoni, urefu wake na rangi yake, maneno hayo yatabaki kwenye faili hata ngozi ikishapona.

Kesi ya jinai haimalizi dai la fidia. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi kijijini Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, na mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu ya namna hiyo humwadhibu mkosaji. Anayetaka fidia hufungua shauri la madai.

Shauri hilo hutanguliwa na notisi ya siku 90 kwa mamlaka inayolalamikiwa, nakala zikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tunza nakala yenye muhuri wa mapokezi, kwani bila uthibitisho huo shauri linaweza kuondolewa kabla hata kipigo hakijazungumzwa. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu na, tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwa madai ya madhara ni miaka mitatu, lakini fidia kwa tendo linalodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria ina ukomo wa mwaka mmoja, na askari hudai daima kwamba alikuwa akitekeleza sheria. Kwa hiyo mimi huhesabu mwaka mmoja.

Wateja wengine hutaka shauri la kikatiba. Mara nyingi nawazuia, kwa sababu Mahakama hulikataa ikiona kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu, na madai ya kawaida ndiyo njia hiyo.

Mteja ajue pia kwamba, hata akishinda, mali ya Serikali haikamatwi wala kupigwa mnada. Mahakama hutoa hati ya malipo, nayo hufuatiliwa serikalini hadi fedha zitoke.