Kaibiwa au kashindwa? Tunayoyakosea kuhusu kadi za majaji wa ngumi

Pambano likifika kengele ya mwisho bila mtu kulala, neno ni moja: kaibiwa. Nimelisikia vibandani, nimelisema mwenyewe usiku wa manane kwa hasira, na kuna siku lilikuwa kweli. Siku nyingi zaidi, lakini, tulikuwa tunadai kitu ambacho sheria za ngumi za kulipwa hazimpi bondia yeyote. Nalisema hili kwa sababu wizi upo, na kama kila wiki tunapiga yowe, siku mwizi anapopita kweli hakuna atakayeshtuka.

“Ukitazama pambano zima, yule ndiye mshindi”

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Jaji hapimi pambano zima. Kila raundi inajitegemea: kengele ikilia anaandika alama kwenye kadi yake, na inayofuata inaanza kama vile hakuna kilichotokea. Aliyeishinda raundi anapata 10, mwenzake 9. Ukiangushwa mara moja, kwa kawaida unapata 8. Kutoa 10 kwa 10 si kosa, lakini majaji wengi hufundishwa kuikwepa, kwa hiyo hata raundi isiyo na mwenyewe lazima ipelekwe kwa mtu.

Sasa fikiria raundi 12. Bondia wa kwanza anachukua 7 kwa tofauti ya ngumi mbili tatu za mkono wa mbele. Wa pili anachukua 5, na katika hizo tano anamyumbisha mwenzake, damu inatoka, ukumbi wote unasimama. Tukirudi nyumbani tunazungumzia hizo tano tu. Kadi ikijumlishwa itasoma 115 kwa 113 kwa yule wa kwanza, na kadi itakuwa sahihi.

“Aliyemwangusha mwenzake hawezi kukosa ushindi”

Tarehe 1 Desemba 2018, Los Angeles, Deontay Wilder alimwangusha Tyson Fury mara mbili, raundi ya 9 na ya 12. Ile ya 12 Fury alilala chali, macho juu, na wengi tuliona imekwisha. Akaamka. Matokeo yakawa sare, na mabishano hayajaisha hadi leo: wengine wanasema Wilder kaibiwa, wengine Fury.

Kaa na kadi zenyewe uone. Jaji mmoja aliandika 115-111 kwa Wilder, wa pili 114-112 kwa Fury, wa tatu 113-113. Raundi mbili za kuanguka zilimpa Wilder pointi nne za faida. Zilibaki raundi kumi. Ukipiga hesabu, jaji aliyempa Fury ushindi alimwandikia 8 kati ya hizo kumi, wa sare alimwandikia 7, na yule wa Wilder aligawa tano kwa tano. Kwa hiyo mjadala wa kweli hauko kwenye kuanguka, maana hapo majaji wote waliona kitu kilekile. Uko kwenye zile raundi kumi za Fury kukwepa na kugusa, kugusa na kukwepa. Mimi naziona 7 za Fury, kwa hiyo sare naikubali. Hizo tano kwa tano ndizo ninazoshindwa kuzipata kila nikirudia video.

“Hesabu ya ngumi imeshatoa jibu”

Takwimu za ngumi zinazotokea kwenye runinga zinabonyezwa na watu waliokaa pembeni ya ulingo. Jaji hazioni, na sheria haimwambii ahesabu. Anaambiwa atazame ngumi safi zilizofika, ushambuliaji wenye faida, nani anayetawala ulingo, na ulinzi. Ngumi iliyotua kwenye glovu au mkononi haimo. Kumfuata mtu raundi nzima huku unapiga hewa hakumo pia, ingawa kwa macho ya mshabiki ndiko “kutafuta pambano”.

Hata hivyo sitaki mtu aitumie hoja hii kufunika madhambi. Machi 13, 1999, Madison Square Garden, Lennox Lewis alihesabiwa ngumi 348 zilizofika, Evander Holyfield 130. Hiyo si tofauti ya raundi mbili tatu za utata. Majaji wakatoa sare: mmoja kwa Lewis, mmoja katikati, mmoja 115-113 kwa Holyfield. Jaji huyo wa mwisho alimpa Holyfield hata raundi ya 5, raundi ambayo Lewis alimbana kwenye kamba na kumtwanga. Majaji hukaa pande tatu tofauti za ulingo, na upande mmoja unaweza kuziba ngumi ambayo kamera imeiona. Hilo linaeleza raundi moja. Usiku mzima halielezi.

“Bingwa lazima avuliwe mkanda kwa nguvu”

Hakuna kanuni hiyo. Kilichopo ni kwamba pambano likiwa sare, bingwa anabaki na mkanda wake. Marvin Hagler aliyaonja yote mawili. Mwaka 1979 alitoka sare na bingwa Vito Antuofermo, akarudi nyumbani mikono mitupu. Aprili 1987 yeye ndiye bingwa, Sugar Ray Leonard ndiye mgeni aliyekuja kuomba, na Leonard akauchukua mkanda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Hakumwangusha Hagler hata mara moja. Alikuwa akiamka sekunde za mwisho za raundi, anarusha ngumi za haraka zinazong’aa machoni, basi.

Wala si kweli kwamba ugenini huwezi kushinda kwa pointi. Mganda Ayub Kalule alikwenda Japani mwaka 1979 akamshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi 15, akatoka na mkanda wa dunia wa WBA (siku hizi mikanda mikubwa ya dunia hutolewa na mashirika manne: WBA, WBC, WBO na IBF). Mkenya Fatuma Zarika alikwenda Michigan mwaka 2016 akamvua Alicia Ashley mkanda wa WBC, majaji wakiwa wamegawanyika. Ugenini ni pagumu, kelele za mashabiki zinaweza kuipaka rangi ngumi iliyokosa. Lakini bondia wetu akipoteza huko, tuanze kwa kuhesabu raundi kabla hatujamlaumu mwenyeji.

“Matokeo yakiwa ya haki, kadi zote zilikuwa za haki”

Hapa ndipo tunapowaachia watu wapite. Septemba 2017 Canelo Álvarez na Gennady Golovkin walitoka sare. Jaji mmoja alitoa 115-113 kwa Golovkin, mwingine 114-114. Jaji wa tatu, Adalaide Byrd, akaandika 118-110 kwa Canelo, maana yake raundi kumi kwa mbili. Mimi nilimpa Golovkin, lakini mtu akiniambia sare tutakaa tuzungumze. Ile 118-110 haina mazungumzo. Na kadi moja inatosha kuharibu: kama jaji huyo angeona walau 115-113 kwa Golovkin, mshindi angekuwa Golovkin.

“Wataitazama video, wabadilishe”

Hawabadilishi. Baada ya Timothy Bradley kupewa ushindi dhidi ya Manny Pacquiao Juni 2012, WBO iliwaweka majaji watano warudie kutazama. Wote watano wakampa Pacquiao. Mkanda ukabaki kwa Bradley. Matokeo hubadilika alama zikijumlishwa vibaya, sheria ikivunjwa, au bondia akikutwa na dawa, kama James Toney alivyofutiwa ushindi wake dhidi ya John Ruiz mwaka 2005. Jicho la jaji, hata likiwa limekosea wazi, halikatiwi rufaa.

Kinachobaki ni pambano la marudiano, nalo halimfidii kila mtu. Lewis alisubiri miezi minane tu, akamshinda Holyfield, akaondoka na kilicho chake. Jack Catterall hakupata bahati hiyo. Februari 2022, Glasgow, alimwangusha Josh Taylor raundi ya 8, akamzidi kwa macho ya karibu kila aliyetazama, na majaji wawili kati ya watatu wakampa Taylor, mmoja wao kwa 114-111. Jaji huyo baadaye alishushwa daraja na bodi ya ngumi ya Uingereza. Catterall alirudiana na Taylor Mei 2024, Leeds, na safari hii majaji wote watatu wakampa yeye. Usiku ule wa Glasgow palikuwa na mikanda minne ya dunia. Leeds haukuwapo hata mmoja.