Sifuri ya wavu si sifuri ya samaki

Kazi yangu ni kuhesabu samaki kwenye mito ya California, na juzi nimepigiwa simu tena. Safari hii ni kijana wa Kigoma anayeendesha lori la lozi huku California, mtu mwenye adabu zake, shikamoo ikatangulia. Kisha likaja lile lile: "Kaka, hivi hao samaki wenu si walishakwisha? Mbona wakulima bado wanabaniwa maji kwa ajili yao?" Hiyo ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Kanisani nimeulizwa, msibani nimeulizwa, na kwenye magrupu ya WhatsApp nimeacha kujibu. Basi naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Anayezungumziwa ni smelti wa delta. Makazi yake ni pale mito ya Sacramento na San Joaquin inapokutana na maji ya chumvi ya ghuba ya San Francisco, na duniani hana kwingine. Ni wa urefu wa kidole, mwili wake karibu uone hadi ndani, na ukimtoa majini saa hiyo hiyo ananukia tango. Sitanii, tango la kachumbari. Wengi wao huishi mwaka mmoja tu. Mwaka 1993 sheria ya nchi na ya jimbo zilimweka kwenye orodha ya viumbe wa kulindwa.

Sasa hilo la "wamekwisha". Watu wameona kwenye habari kwamba fahirisi ya smelti, yaani namba inayopima wingi wao, ni 0 tangu 2018, wakafunga hesabu. Kinachonichosha ni kwamba hakuna anayeuliza sifuri hiyo imetoka kwenye wavu gani.

Imetoka kwenye utafiti wa vuli wa idara ya samaki ya jimbo. Kila mwaka, Septemba hadi Desemba, chombo kinapita vituo vilevile, mwezi baada ya mwezi. Kituoni unashushwa wavu wa kukokota wenye mdomo wa mraba, upande mmoja kama mita 3.7, hadi karibu na sakafu ya mto, halafu unapandishwa polepole kwa dakika 12 mpaka juu. Kilichomo kinamwagwa kwenye beseni, kinachambuliwa, kinapimwa urefu. Wastani wa kila eneo unazidishwa kwa uzito unaotokana na wingi wa maji ya eneo hilo, na miezi minne inajumlishwa. Jibu ndilo fahirisi. Kwa hiyo fahirisi ya 343 haina maana kwamba kulikuwa na samaki 343 majini, wala kwamba walinaswa 343. Ni kipimo cha kulinganisha mwaka na mwaka, basi.

Tena utafiti huo ulipoanza 1967 haukuanzishwa kwa ajili ya smelti. Ulikuwa wa bassi wa mistari wachanga, samaki wanaopendwa na watu wa ndoana. Matundu ya wavu, vituo, saa za kazi, vyote vilipangwa kwa ajili ya bassi. Smelti akawa anaandikwa kwa sababu alikuwa anaingia tu, na enzi hizo aliingia kwa wingi.

Chukua punje kumi za mchele, zichanganye kwenye gunia la maharage, kisha uteke vikombe vinne. Hukupata mchele? Utaapa kwamba haumo? Samaki wakiwa wengi, wavu mbovu na wavu mzuri vitakuambia kitu kimoja. Wakiwa wachache mno, wavu unafika mahali hauoni tena. Sifuri inasema kwamba wamepungua kuliko uwezo wa wavu huu kuwaona. Ndiyo maana mwishoni mwa 2016 idara ya samaki na wanyamapori ya serikali kuu ilianzisha utafiti mwingine unaomlenga smelti mwenyewe, karibu mwaka mzima, kwa vituo vinavyochaguliwa kwa bahati nasibu. Wavu wa vuli ulipokuwa unaandika sifuri, utafiti huu ulikuwa bado unawapata, mmoja hapa, wawili kule.

Ila usinielewe vibaya ukaondoka unachekelea. Mwelekeo wenyewe unatisha. Mwaka 1970 fahirisi ilipita 1,600, na 1980 ikapita tena. Mwaka 2000 ilikuwa 756. Miaka mitano baadaye, 26. Mwaka 2011 mvua zilikuwa nzuri ikaruka hadi 343, na watu wakaanza kupongezana, ambapo ndipo huwa nakunja uso. Ukame ukafuata, na 2014 ikawa 9. Kufikia 2017 ilikuwa 2. Samaki anayeishi mwaka mmoja hana wazee wa akiba wa kungoja mvua ya mwaka ujao. Kizazi kikiharibika, kimeharibika. Ushauri wangu ni ule ule ninaowachosha nao vijana wa kazini: usisome mwaka mmoja. Chora nukta za miaka kumi kwa penseli, uone mstari unaelekea wapi, ndipo ufungue mdomo.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Mashine za kusukuma maji ndizo zilizowamaliza." Nusu kweli. Kusini mwa delta kuna pampu za mradi wa jimbo na za serikali kuu, na maji ya delta hutumiwa na watu zaidi ya milioni 25, mashamba mbali. Pampu zikivuta kwa nguvu, mto wa Old River unarudi kinyumenyume na kubeba samaki, ndiyo maana hupunguzwa kwa ajili yao. Lakini mwaka 1986 alionekana chaza mgeni kutoka Asia, anayechuja maji usiku na mchana na kula vijidudu ambavyo smelti anategemea. Ongeza joto, ukame na dawa za mashambani. Anayekutajia chanzo kimoja ana kesi mahakamani au ana uchaguzi.

"Maji yakisafika samaki watarudi." Huyu si samaki wa matumbawe. Smelti anataka maji ya tope kidogo: wachanga wanaona chakula vizuri humo, na wakubwa wanajificha humo maadui wasiwaone. Mabwawa ya juu yamezuia udongo, magugu yamechuja uliobaki, na delta imekuwa angavu kupita kiasi.

"Maji yanayokwenda baharini yanamwagwa bure kwa ajili ya samaki." Sehemu kubwa ya maji hayo inasukuma chumvi isifike kwenye pampu zenyewe. Anayelima mpunga delta ya Rufiji haelezwi jambo hili mara mbili.

La moto wa Los Angeles, Januari 2025, nitalipa mistari mitatu, hata hiyo ni mingi. Donald Trump alidai maji ya kuzima moto yalikosekana kwa sababu ya kumlinda smelti, na dunia nzima ikarudia. Mabwawa ya kusini mwa California yalikuwa na akiba kubwa. Mabomba ya zimamoto kule Pacific Palisades yalikauka kwa sababu matangi ya mlimani yalitumika haraka kuliko yalivyoweza kujazwa, na bwawa la Santa Ynez lililo jirani lilikuwa tupu likingoja matengenezo.

"Basi si mnawafuga?" Ndiyo, wanafugwa, kwenye maabara ya chuo kikuu cha UC Davis iliyopo Byron, na tangu Desemba 2021 maelfu wameachiwa mtoni kwa majaribio. Wa kwanza waliachiwa Rio Vista. Ila samaki wa kufugwa anaachiwa kwenye maji yaleyale yaliyomshinda babu yake, chaza wale wale, joto lile lile. Na amevuruga hesabu kidogo, kwa sababu zamani smelti akiingia wavuni tulikimbilia rula. Siku hizi tunamgeuza kwanza, tunaangalia kama pezi dogo la mgongoni limekatwa, au kama kuna doa la rangi chini ya ngozi. Dalili mojawapo ikiwepo, tunajua ni wa kwetu, tuliyemwachia wenyewe.