Samaki wa ziwani wanajibadilishaje maji yakiharibika?

Wale omena (dagaa wa ziwani) wanaopimwa kwa gorogoro pale sokoni Kongowea si sawasawa na omena wa zamani, wa kabla mbuta (sangara, yule samaki mkubwa anayekula wenzake) hajajaa Ziwa Viktoria. Sisi wa Mombasa na changu zetu na tafi zetu mambo ya ziwa tunayaona ni ya bara huko, lakini hii habari ya viumbe wa maji matamu kubadilika kwa sababu yetu watu wanaichanganya sana, utasikia mtu anakwambia "ah, samaki watazoea tu", kana kwamba samaki amekaa akaamua.

Haiendi hivyo. Samaki mmoja akikosa hewa atapanda juu, atahema haraka, atahama, basi, na akifa hayo yote yanaisha naye. Kubadilika kwenyewe ni kwa kizazi. Chukua furu, vile visamaki vidogo ambavyo Waluo wanaviita fulu, ziwani vilikuwa na mamia ya spishi. Kwa kawaida huwa kuna waliozaliwa na matamvua (yale mekundu ya kuvutia hewa) makubwa kidogo kuliko wenzao, sasa mbolea na maji machafu yakiingia ziwani mwani unafumuka, unakufa, unaoza, oksijeni inaisha, wenye matamvua madogo wanakufa kabla hawajazaa na wenye makubwa wanabaki wanazaa wa kufanana nao.

Na haichukui karne. Mbuta aliletwa miaka ya 1950, akaja kulipuka miaka ya 1980, akala furu mpaka inakadiriwa spishi kama 200 zikapotea. Waliobaki wakaongezeka tena baadaye hawakuwa vilevile: kuna spishi moja upande wa Mwanza ilipimwa ikaonekana eneo la matamvua limeongezeka asilimia 64 ndani ya miaka 20 hivi, na macho yamekuwa madogo. Ila hapo usikimbilie kusema ni kurithi tu, manake furu akilelewa tangu mdogo kwenye maji yenye hewa kidogo matamvua yake hukua makubwa vilevile. Utajuaje basi ni damu au ni malezi?

Jibu tamu zaidi, kwangu mimi, limetoka mbali, Ziwa Constance kule Ujerumani, Uswisi na Austria zinapokutana. Humo kuna vidudu vidogo vinaitwa dafnia, vinakula mwani, na mayai yao yanazama kwenye tope yanakaa hai miaka na miaka. Ziwa hilo lilijaa fosfeti (chakula cha mwani, hutoka kwenye maji machafu na mbolea) miaka ya 1960 na 1970, ukatokea mwani wenye sumu. Watafiti wakachimba tope tabaka kwa tabaka, wakaangua mayai ya kabla ya uchafu na ya wakati wa uchafu, wakawalea wote maabara kwa maji yaleyale na chakula kilekile chenye sumu, na wale wa wakati wa uchafu ndio walioistahimili zaidi. Malezi ni mamoja, kwa hivyo tofauti iko kwenye damu. Matokeo yalitoka 1999, na bado sijaona ushahidi mzuri kuliko huo.

Kamongo naye, yule samaki mwenye mapafu, watu wanamtaja kimakosa kama mfano wa kubadilika. Gugu maji likifunika ghuba hewa inapungua chini yake, mbuta anahama, kamongo anakaa raha mustarehe, lakini yeye hakubadilika chochote, mapafu ya kuvuta hewa ya juu anayo tangu mababu zake, ni sisi tuliomharibia jirani yake nyumba.

Kuna na mabadiliko ya kurudi nyuma. Furu jike huchagua dume kwa rangi, huyu mwekundu huyu buluu, maji yakiwa na tope haoni vizuri, anazaa na yeyote, na spishi mbili zinachanganyika zinakuwa moja.

Tukirudi kwa omena, yeye mbuta anamla, sisi tunamvua, kwa hivyo anayesubiri kuwa mkubwa ndio azae hafiki. Wanaobaki ni wanaowahi, ndiyo maana siku hizi anapevuka akiwa mdogo kuliko zamani. Anaishi, sawa, lakini samaki mdogo anabeba mayai machache kwa mara moja, na hata nyavu zikipunguzwa leo huo udogo hautoki mwaka huohuo, mpaka vizazi vingine vipite.